Jina na Utambuzi wa Shakwe Mgeni katika Ziwa Mweru: Tatizo la Istilahi ya Kiswahili

Katika ufukwe wa Ziwa Mweru upande wa Zambia, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi Kafutuma, samaki wadogo waitwao chisense huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani asubuhi. Panapoanikwa samaki hapakosi shakwe. Wengi wao ni shakwe kichwa-kijivu, Chroicocephalus cirrocephalus, ambaye ni mkazi wa maziwa ya Afrika. Makala haya yanamhusu yule mmoja asiye wa kundi hilo: shakwe kichwa-cheusi, Chroicocephalus ridibundus, mgeni adimu anayezaliana Ulaya na Asia na ambaye huweza kuonekana huku wakati wa majira ya baridi ya kaskazini.

Jina la mgeni huyu ni sehemu ya tatizo. “Kichwa-cheusi” ni tafsiri ya sisisi ya jina la Kiingereza, nayo inapotosha mara mbili. Kwanza, kichwa chenyewe si cheusi bali ni cha kahawia iliyokoza. Pili, rangi hiyo huwapo wakati wa kuzaliana tu. Anapofika Afrika, kichwa huwa kimekwisha kuwa cheupe, na kinachosalia ni doa jeusi nyuma ya jicho. Mtazamaji anayeongozwa na jina atamtafuta ndege ambaye ni nadra mno kuonekana akiwa na sura hiyo Mweru, na aliye mbele yake atampita. Jina la mwenyeji nalo halina nafuu kubwa, kwa kuwa ukijivu wa kichwa chake hufifia nje ya msimu huohuo, na pengine huacha doa hafifu mahali palepale.

Kwa hiyo kichwa si kigezo cha kutegemewa. Bawa ndilo lenye ushahidi. Shakwe kichwa-cheusi anaporuka, ukingo wa mbele wa bawa lake upande wa nje huonekana kama kabari ndefu nyeupe, na weusi hubaki kama pindo jembamba nchani. Mwenyeji ana ncha pana nyeusi zenye madoa meupe, na bawa lake kwa chini ni la kijivu. Jicho husaidia nusu tu: mwenyeji mkomavu ana jicho la rangi ya mpauko, lakini chipukizi wake ana jicho jeusi sawa na la mgeni. Jicho la mpauko linamwondoa mgeni. Jicho jeusi halimthibitishi. (Shakwe mkubwa mwenye mgongo mweusi na miguu ya manjano, atokaye kaskazini mwa Ulaya, hamchanganyi mtu.)

Tofauti hii si ya wapenzi wa ndege peke yao. Januari 2017, nchini Uganda, buabua, ambao ni jamaa wa karibu wa shakwe, walikufa kwa wingi kando ya Ziwa Viktoria kwa homa ya mafua ya ndege aina ya H5N8. Katika tukio la namna hiyo, ripoti isemayo “shakwe wamekufa” haimwelezi daktari wa mifugo iwapo waliokufa ni wakazi au wahamiaji, nalo ndilo swali lake la mwanzo. Ziwa Mweru lina pwani mbili: Kibemba hutawala upande wa Zambia, na Kiswahili huzungumzwa upande wa Kongo. Aidha, Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika tangu 2019. Ripoti inayovuka ziwa inahitaji jina lisilobadilika maana njiani.

Kubuni jina jipya kungeleta mkanganyiko mwingine, kwani jina lililopo limekwisha kuingia katika orodha za ndege. Lifaalo ni kidahizo cha kamusi na fomu ya taarifa kuambatanishwa na maelezo mafupi ya bawa, pamoja na mwezi wa kuonekana. Picha ipigwe ndege akiwa angani. Ya ndege aliyetua mchangani, mabawa yakiwa yamekunjwa, mara nyingi huacha shaka ileile.