Kule angani pia mchimbaji anaitwa jambazi

Sisi wanne wa syndicat tunakutana kila siku ya Yenga, misa ikiisha, ku nyumba ya mama mmoja mu Manika. Bwana yake alikuwa mwenzetu wa kazi, sasa ni marehemu. Kawaida tunakunywa munkoyo, tunasoma barua ambazo wafanyakazi wametuletea, tunagombana kidogo, tunarudi kwetu. Lakini tangu mvua ilipoanza mpaka mwezi wa tatu tulikuwa na kazi ingine. Tulikuwa tunaendesha chombo angani.

Kijana wa ile nyumba ana miaka 23. Diplome d'État anayo tangu miaka minne, kazi bado. Anatengeneza telefone za watu ku kona ya barabara. Rafiki yake alimwachia ordinatere ya zamani, betri imekufa, na ukiiwasha nusu saa inachemka kama mbabula. Haiwezi kubeba michezo ya sasa, inabeba ya zamani tu. Ndani yake mulikuwa mchezo mmoja unaitwa Freelancer, uliotoka mwaka 2003, kazi ya Digital Anvil, nyumba ya Chris Roberts, na waliouuza ni Microsoft.

Siku ya kwanza tulimkuta anacheza, tukacheka. Mzee wetu akamwambia: "Mwanangu, na diplome yote ile, njo unapigana na manyota?"

"Vieux, ikala kwanza," kijana akajibu. "Huyu muntu ni négociant."

Tukakaa. Na kweli, mtu wa ile hadithi, jina lake Edison Trent, alikuwa na mzigo wa boron, na mnunuzi amemwahidi milioni moja. Kabla hajalipwa, kituo walipokuwa, Freeport 7, kinalipuliwa. Trent anafika ku sayari ya Manhattan hana chombo, hana mzigo, hana pesa. Mu bar anakutana na mwanamke wa usalama wa nchi, wanamwita Juni, naye anampa chombo kidogo na kazi ya kwanza: kulinda msafara wa mizigo. Nani mu Kolwezi hajamwona Trent? Tunawajua watu waliopakia magunia yao, wakamwachia mtu kwa maneno matamu, kesho yake ku dépôt wakakuta kufuli.

Mchezo wenyewe ni kwa Kiingereza. Kijana anakisoma, alijifunza ku filamu, akawa anatutafsiria. Dereva wa benne kati yetu njo alikuwa na mkono mzuri. Yule aliyekuwa delege zamani aligonga mawe yote yaliyoko angani. Mchezo hauandiki safari yako mpaka utue ku kituo, kwa hiyo kuran ikikatika ukiwa njiani, umepoteza yote. Siku moja ilikatika tukiwa mlangoni kabisa, na mzigo wa masaa mawili. Mama akacheka mpaka akatoka nje.

Sasa, jambo ambalo tunataka kulisema ni hili. Hadithi ina misioni 13, lakini haikupi zote kwa mfululizo. Ukimaliza moja, unaambiwa: tafuta kwanza pesa kiasi hiki, panda daraja, ndipo tutakuita. Katikati ya misioni na misioni uko peke yako, kama journalier ku mlango wa kampuni. Njia ni mbili. Unaweza kufanya biashara, kununua maji, oksijeni, chakula, mashine za kuchimbia mahali bei iko chini, na kupeleka mahali iko juu. Ama unaingia mu bar, unaangalia orodha ya kazi: fulani anataka fulani wapigwe, bei ni hii. Hii ya pili njo ya haraka. Nayo biashara ni ndefu kama njia ya Dilolo wakati wa mvua.

Misioni za kwanza tulizimaliza kwa orodha, bila kuuliza. Tulipiga majambazi wa upande wa Liberty, tukalipwa, tukanunua bunduki kubwa zaidi. Kisha hadithi inageuka. Wale waliomtuma Trent njo wanaanza kumsaka, na yeye anakimbilia upande wa Bretonia. Pale tena mchezo ukatuambia: ngoja, tafuta pesa. Tukaingia mu bar, tukafungua orodha. Polisi wa Bretonia walikuwa wanalipa vizuri kwa kupiga watu wanaoitwa Mollys.

"Ni banani hao?" mzee akauliza.

Kijana akasoma. Akanyamaza kidogo. Akasema: "Vieux, ni bachimbaji. Bachimbaji ba zamani ba zahabu, ku Dublin. Baliasi kampuni yao, BMM."

Dereva wa benne alikuwa tayari na mkono ku souris. Mzee akamshika kiwiko.

Pale mchezo ukasimama, tukaanza kugombana kweli. Mzee akasema hatakubali, hata kama ni picha tu. Yule delege wa zamani akasema picha njo mbaya zaidi, juu ya mtoto wa miaka kumi anaicheza bila mtu wa kumwambia Mollys ni nani. Lakini dereva wa benne hakukubali, na ni lazima tuandike aliyoyasema, juu ya alikuwa na haki ya kuyasema: "Mi naendesha usiku. Bantu banaruka ku benne, banatupa mawe ku kioo. Mwenzangu alipoteza jicho. Ile siku nimwite huyo muntu ndugu? Ninyi muko ku bureau, munasema maneno ya bureau."

Hakuna kati yetu aliye ku bureau, lakini tulimwelewa.

Kijana akaingia ku telefone kutafuta jina lile, na akakuta kwamba halikutoka hewani. Mollys wa mchezo wamepewa jina la Molly Maguires, wachimbaji wa makaa ya mawe wa asili ya Ireland, mu jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kampuni ya reli iliyokuwa na yale makaa ililipa upelelezi wa Pinkerton, na mtu wao, James McParland, akaingia kati yao akijifanya mwenzao. Watu 20 walinyongwa. Kumi kati yao walinyongwa siku moja, tarehe 21 Juni 1877. Mmoja wa walionyongwa baadaye, John Kehoe, alipewa msamaha na gavana wa Pennsylvania mwaka 1979, miaka mia moja akiwa chini ya udongo. Walikuwa wauaji? Wengine inawezekana walikuwa. Mpaka leo wataalamu wa historia wanabishana. Lakini watengenezaji wa mchezo hawakubishana, wao waliwatia rangi nyekundu tu.

Juu ya mu ule mchezo kila mtu ana rangi. Nyekundu ni adui, atakupiga akikuona. Kijani ni rafiki. Nyeupe hana habari na wewe. Ukimpiga mmoja kwa ajili ya mwingine, rangi zinabadilika. Na kuna kitu kilichotufurahisha kuliko vyote: mu bar zingine unakuta mtu anayekuambia, nilipe kiasi hiki, nitakusafishia jina kwa wale watu. Madesu ya bana! Hata angani. Mama akauliza kama na kule wanatoa reçu.

Kwetu Lualaba tunazijua hizo rangi. Code minier ya mwaka 2002 inamtambua mchimbaji wa mikono, lakini mwenye carte, na ndani ya eneo lililofunguliwa kwa ajili yake. Akivuka ukuta wa concession amekuwa clandestin, ni mtu yule yule na pioche ile ile. Tarehe 27 Juni 2019 udongo ulianguka mu mine ya KOV, hapa Kolwezi, ukaua creuseurs zaidi ya 40. Kisha askari wakatumwa kuwaondoa wengine. Tunakumbuka namna watu walivyosema ile wiki, mu bus, mu soko: wengine walilia, wengine walisema "wezi hao, walifuata nini kule?" Wakati mwingine ni mdomo ule ule uliosema yote mawili.

Na mwaka 2003, mchezo ulipotoka, sisi tunaukumbuka kwa habari ingine. Njo mwaka wa départs volontaires: wafanyakazi 10.655 wa Gécamines walitoka kazini, kwa mpango uliogharimiwa na Banque mondiale. Wengi wao, ama watoto wao, tuliwakuta baadaye na magunia ku kilima. Kwa hiyo tuliposoma kwamba Mollys ni "wachimbaji wa zamani", hatukuhitaji tafsiri ya lile neno "zamani".

Tulipiga kura, kama syndicat. Tatu kwa biashara, moja kwa orodha. Dereva wa benne akashindwa, lakini akaendelea kuendesha, juu ya bila yeye tungegonga kila jiwe. Wiki tano tulibeba maji na oksijeni. Tulilipa yale madesu, Mollys wakatoka ku nyekundu wakawa weupe, wakawa wanapita karibu yetu bila kutupiga. Pesa ilikuwa inapanda polepole, kama salaire ya sous-traitance. Mara ingine Mollys walikuwa wanapiga misafara ya mizigo mbele yetu, na sisi tunapita kando. Dereva wa benne alikuwa anatuangalia, hasemi kitu. Hilo nalo tunaliandika.

Misioni zilizofuata hatuzielezi zote, ni nyingi, na nyingine ni mapigano tu. Tulifika Kusari, tulifika Rheinland. Rheinland njo mzee alisimama ku kiti, juu ya kule kuna majambazi wanaitwa Unioners. Jina lao lenyewe ni syndicat! Ni wafanyakazi waliopoteza kazi wakageuka maharamia. Mzee alisema mtu aliyeandika ile hadithi alipigwa na delege akiwa mtoto. Kisha akatusimulia, kama anavyotusimulia kila mwaka, habari ya tarehe 9 Desemba 1941 ku Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kuomba salaire iongezwe, na askari wakawapiga risasi ku uwanja wa mpira, Léonard Mpoyi akafa pale. Wale nao waliitwa waasi. Kijana alikuwa hajawahi kusikia jina la Mpoyi. Kwa miaka yote ya shule, hajawahi. Alilisikia kwa njia ya mchezo wa Wamarekani.

Mwisho wa hadithi, usiposhikwa na usingizi, unajua kwamba ndani ya serikali kuna viumbe wageni wameingia mu vichwa vya wakubwa, na njo wao waliolipua Freeport 7. Mzee akasema kwetu hatuhitaji viumbe. Misioni ya 13 tuliimaliza mwezi wa tatu, saa tatu za usiku, kuran ikatuhurumia. Tulipiga makofi. Mama akatupikia bukari na sombe.

Baada ya mwisho mchezo hauzimiki. Unarudishwa mu anga ile ile, uko huru kwenda popote. Tukaenda Bretonia, tukaingia mu bar, tukafungua orodha. Kazi ilikuwa iko pale pale: piga Mollys, bei ni hii.

Njo pale kijana alipotuambia kwamba ameitwa kazi. Kampuni moja ya ulinzi, usiku, ku ukuta wa concession. Kufukuza creuseurs. Alijua wiki mbili, hakutuambia mpaka tumalize. Na mkubwa wake, yaya wake wa tumbo moja, anachimba upande ule. Mama alikuwa anajua. Njo sababu alikuwa hacheki tena mu zile wiki za mwisho, na sisi tulifikiri ni malaria.

Hakuna aliyepiga kura siku ile. Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Dereva wa benne njo alisema, kwa sauti ya chini: "Na yeye ni mufanyakazi. Akipigwa jiwe, nani atamutetea?" Kweli, walinzi wengi hawana delege, wengi wao hawajui hata jina la kampuni iliyo ku contrat yao. Lakini kweli pia kwamba usiku mmoja atasikia pioche nyuma ya ukuta, na hatajua ni ya nani.

Tulimwambia jambo moja tu: usisaini kabla hatujasoma. Siku ya lundi alituleteya karatasi, kurasa tatu. Tulizisoma chini ya mwembe, kwa sauti, kila mtu ukurasa wake. Prime ya usiku haikuandikwa. Masaa yaliandikwa 12. Siku ya kupumzika imeandikwa "kufuatana na mahitaji ya huduma". Ku ukurasa wa mwisho kuna mstari unaosema mlinzi atajibu mwenyewe kwa kila kitu kitakachoibiwa mu zamu yake. Tukapiga alama ya kalamu nyekundu mahali nne. Kijana akauliza: "Na kama banakataa kubadilisha?"

Yaya wake alikuwa amekuja, amekaa ku bidon, miguu imejaa vumbi la malakiti. Alichukua kalamu, akaisoma karatasi na yeye, polepole, akaongeza alama ya tano, pale palipoandikwa kwamba viatu mlinzi anajinunulia.