Vitafunio vya Harusi, Sehemu ya Pili: Saa ya Kuwasubiri Maharusi

Wiki iliyopita tuliipitia ratiba ya harusi za huku kwetu Kitale na Bungoma, tukaona kwamba mgeni huteseka zaidi katika saa inayofuata ibada. Maharusi wamekwenda kupigwa picha, wapishi wangali wanahangaika na sufuria za pilau, na mzee aliyetoka Cherangany alfajiri ameketi hemani na chupa ya soda mkononi. Kamati nyingi siku hizi zimeitenga saa hiyo iwe ya vinywaji, na wamefanya vyema. Lakini kinachoandamana na vinywaji hivyo ni kilekile kila uendako: soseji ya dukani, sambusa iliyokwisha kupoa na bisi. Eneo lenye mahindi, wimbi, kuku, simsim na viazi vitamu halistahili kuwakaribisha wageni wake hivyo.

Ushauri wangu ni kwamba kamati ianze na kinywaji, chakula kifuate. Harusi nyingi za Bungoma hazina pombe, na sababu yake inajulikana. Wamishonari wa Marafiki, ambao wengi huwaita Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, wakaenea hadi nchi ya Wabukusu, kisha likaja Jeshi la Wokovu na makanisa ya Kipentekoste. Waumini wa makanisa hayo hawanywi, na harusi zao hazipungukiwi na kitu. Kuna uji wa wimbi uliochachushwa siku mbili, ukapozwa na kukamuliwa ndimu kidogo. Kuna juisi ya karakara zinazolimwa Trans Nzoia. Na kwa kuwa Kitale ni mji wa mchanganyiko, ambapo Mbukusu huoa kwa Wanandi au Wasabaot, ni heshima kubwa kwa wakwe kuona mursik ikimiminwa kutoka kwenye kibuyu, maziwa yaliyogandia humo pamoja na unga wa mkaa wa mti wa senetwet.

Vinywaji hivi vyote vina uchachu, na uchachu hukata mafuta mdomoni. Ndiyo maana vinataka kitu chenye mafuta na chumvi: njugu za kukaangwa, kuku, kumbikumbi. Soda, kwa upande wake, ni tamu mno. Ukiiandamanisha na keki au mandazi yenye sukari, mgeni hushiba kabla ya chakula na kiu haikatiki. Mwenye soda mpe kitu chenye pilipili.

Sasa tuje kwa kuku, kwani Mluhya hawezi kuambiwa kwamba harusi imefana pasipo kuku. Kuku wa kienyeji ana nyama ngumu, hivyo mchemshe kwanza polepole kwa tangawizi na chumvi hadi alainike, umtoe mifupa, ukate vipande vya tonge moja, uvichome juu ya mkaa na kuvipanga kwenye vijiti. Vipake njugu zilizosagwa na ndimu dakika za mwisho, maana njugu huungua upesi. Lakini jihadhari na jambo moja ambalo wapishi wa kukodi kutoka mbali hawalijui. Kuku wa wakwe hakatwikatwi kwa vijiti. Huyo hupikwa na kuandaliwa kwa heshima yake, na firigisi, yaani imondo, ina mwenyewe: mwenye boma au mgeni mtukufu. Nimeona mpishi akizichoma firigisi zote na kuzipitisha kwenye sinia kwa vijana, na wazee wakanyamaza kwa namna iliyoeleweka na kila mtu. Zitengwe mapema, zipelekwe kwa wenyewe.

Wazee wanaokunywa busaa huketi na chungu chao kando, mirija mikononi. Wasisahauliwe. Busaa hutokana na unga wa mahindi uliochachushwa, ukakaangwa juu ya bati na kuchanganywa na kimea cha wimbi, kwa hiyo ina harufu ya moshi na ladha ya nafaka iliyoungua kidogo. Kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe huifaa kuliko kitu chochote ninachokijua. Hupatikana kwa wingi mvua za masika zinapoanza, na wakikaushwa vizuri hukaa miezi. Waulize wageni kwanza kama kuna asiyekula kamba wa baharini kwa sababu ya mzio. Mtu wa namna hiyo anaweza kudhurika na wadudu pia.

Kwa mahindi, Kitale ina historia yake. Kampuni ya Kenya Seed ilianzia hapa mwaka 1956, na mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara H611, iliyozaliwa kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador, Amerika Kusini. Harusi ya Agosti ina mahindi mabichi tele shambani: yakate magunzi vipande vya vidole viwili, uchome, upake siagi na pilipili. Harusi ya Desemba itumie unga. Kaskazini mwa Italia, ugali wao, polenta, huachwa upoe, ukakatwa vipande vya mraba na kukaangwa. Ugali wetu wa wimbi unakubali kabisa kufanyiwa hivyo, na omena wakavu wachache juu yake wanatosha.

Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili ni mwezi wa tohara kwa Wabukusu. Kuku na wimbi huwa vimekwisha kutengewa watoto, basi nunua mapema.

Kwa wasiokula nyama, sambusa ya kunde iliyokaushwa vizuri na kutiwa simsim ni nzuri sana; mrenda usiujaribu, utelezi wake hulowesha manda. Mushenye, viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe, hufinyangwa vidonge na kuviringishwa kwenye simsim. Malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, hununuliwa kwa Wagisu ng'ambo ya Lwakhakha na kupikwa kwa njugu. Yaandalie vikombe vidogo na vijiko. Tamu iwe moja tu: simsim iliyoshikanishwa kwa sukari guru.

Hesabu vipande vinne au vitano kwa kila mgeni ikiwa chakula cha mchana kinafuata. Wageni 200 ni vipande 1,000, na vikizidi hapo pilau itabaki. Kuku aliyekwisha kupikwa asikae hemani zaidi ya saa mbili bila moto. Njugu na simsim zichambuliwe kwa mikono, na punje yenye ukungu itupwe, kwa sababu sumu ya aflatoksini haiishi kwa kukaangwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki na katikati mwa Kenya kupitia mahindi yaliyohifadhiwa vibaya.

Wiki ijayo tutazungumzia keki na ugawaji wake kwa wakwe. Mnaopanga harusi za Desemba, nendeni Chwele mkaagize wimbi na njugu mwezi huu, kabla bei haijapanda.