Mashine ya Nyasi Isiyo na Usukani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuipanda



Katika mikutano yetu ya karibuni, wenzetu wanaokata nyasi wametuuliza jambo moja tena na tena. Hao ni watu wa viwanja vya viwanda, wa mashamba makubwa, wa mahoteli ya kando ya ziwa, na wale wa kampuni za usafi wanaopelekwa leo Rohero, kesho Kiriri. Tajiri amewatangazia kwamba fyekeo na mashine za kusukuma kwa mkono zitawekwa ghalani, na mahali pake itakuja mashine mpya ya kukalia, isiyo na usukani. Wanauliza hiyo ni mashine gani, na je, inakuja kuwasaidia au kuwafukuza? Tumeona tuwaandikie tunayoyajua, kwani ni heri mtu aijue mashine kabla haijaingia lango la kazini.

Kazi yenyewe hatuhitaji kuisifu. Kila aliyeishika anajua mgongo unavyouma kuanzia mwezi wa kumi, mvua zinapoanza, mpaka mwezi wa tano. Ukimaliza upande huu, upande ule umekwisha kuota. Kwa hiyo hatusemi kwamba fyekeo ni kitu cha kulilia.

Mashine ya kukata nyasi haikuanzia shambani, ilitoka katika kazi ya nguo. Mwingereza Edwin Budding, fundi wa mji wa Stroud, aliona jinsi viwanda vya nguo vilivyotumia visu vya kuzunguka kunyoa manyoya ya kitambaa cha sufu ili kiwe laini. Akawaza, kama kisu hiki kinanyoa kitambaa, kwa nini kisinyoe nyasi? Mwaka 1830 akaandikisha mashine yake. Wenzetu wa viwanda vya nguo wasidhani basi kwamba habari hii ni ya watu wa bustani tu! Baadaye zikaja za injini, kisha za kukalia zenye usukani kama trekta dogo. Hii tunayoambiwa sasa ilitoka Marekani, jimbo la Kansas, ambako John Regier aliibuni miaka ya 1960, na kiwanda cha mji wa Hesston kikaiuza kwa jina la Hustler. Leo wako watengenezaji wengi. Waamerika huiita mashine ya kugeuka sifuri, maana yake inageuka palepale iliposimama, haihitaji nafasi ya kuzungukia.

Inafanyaje hivyo? Magurudumu mawili ya nyuma, kila moja lina pampu yake ya mafuta na mota yake. Mbele ya dereva iko mikono miwili ya chuma, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Ukisukuma yote miwili mbele sawasawa, mashine inakwenda mbele. Ukiivuta yote, inarudi nyuma. Ukisukuma wa kulia zaidi, gurudumu la kulia linakimbia kuliko la kushoto, na mashine inakata kushoto. Ukisukuma mmoja na kuvuta mwingine, inazunguka palepale kama pia. Magurudumu madogo ya mbele hayaongozi chochote, yanafuata tu, kama yale ya kigari cha sokoni. Nyingi hazina breki ya mguu ya kusimamishia njiani: unasimama kwa kurudisha mikono katikati, taratibu. Breki iliyopo ni ya kuegeshea.

Hapo ndipo hatari yake ilipo, na tunaomba msomaji asome sehemu hii mara mbili. Kwa kuwa uongozi wote uko katika magurudumu ya nyuma, siku yakiteleza umepoteza usukani na breki kwa mara moja. Kwenye uwanja wa tambarare, kama huku chini karibu na ziwa, si taabu. Lakini Bujumbura yetu inapanda milima upande wa mashariki, na mashamba ya chai ya Teza na Rwegura ni miteremko mitupu.

Mwenzetu mmoja, ambaye hatutaji jina lake wala la tajiri wake, alipewa mashine ya namna hii asubuhi, akaonyeshwa kwa dakika chache jinsi ya kuiwasha, akaambiwa akate ukingo wa mfereji. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mashine ikaanza kuteleza kwa ubavu, akavuta mikono, haikusikia. Akaruka. Mashine ikaingia mferejini, yeye akatoka na goti lililovimba. Mwisho wa mwezi akakuta mshahara wake umekatwa kwa ajili ya matengenezo. Tulikwenda kuonana na mkubwa wa kazi mara tatu. Tulimwuliza neno moja tu: nani alimfundisha mtu huyu, na karatasi ya mafunzo iko wapi? Hakuwa na jibu. Fedha zikarudishwa, ingawa kwa mafungu mawili.

Vitabu vya watengenezaji wengi huweka mpaka wa mteremko wa digrii 15, na vingine digrii 10. Digrii hazionekani kwa macho, lakini kipimo chake ni rahisi. Chukua ubao wa mita 1, weka ncha moja ardhini upande wa juu wa mteremko, kisha inua ncha nyingine mpaka ubao ulale sawa. Chupa iliyojaa maji nusu, ukiilaza juu ya ubao, itakuonyesha kama umelala sawa. Pima kutoka ncha iliyoinuliwa hadi ardhini. Ikizidi sentimita 25, usipeleke mashine hapo hata ukiamriwa. Ikiwa kitabu chako kinasema digrii 10, mwisho ni sentimita 17. Nyasi zikiwa na maji, subiri zikauke. Ukingo wa mfereji na chini ya ukuta ni kazi ya fyekeo, na kwa hiyo lazima wabaki watu wa fyekeo. Jambo hili tajiri husahau kulitia katika hesabu yake.

Mashine nyingi kubwa zina upinde wa chuma nyuma ya kiti. Ukiwa umesimamishwa, funga mkanda, maana mashine ikipinduka upinde ndio utakaobeba uzito. Ukiwa umekunjwa usifunge, kwa sababu utafungwa chini ya mashine. Chini ya kiti kuna swichi: dereva akiinuka, visu vinasimama. Tumeona mahali wameifunga kwa waya ili kazi iende mbio. Anayefanya hivyo anacheza na mguu wa mtu, kwani ncha ya kisu hupita kilomita 300 kwa saa, na jiwe likirushwa na kisu hicho linaweza kumtoa jicho mpita njia. Kwa hiyo kwanza mtu mmoja atembee uwanja wote akiokota mawe, chupa na vipande vya waya. Kelele nazo huua masikio polepole, hata usijue mpaka watoto nyumbani wakuulize mbona unapiga kelele ukizungumza. Viziba masikio, miwani na viatu vigumu si zawadi, ni vifaa vya kazi.

Sasa habari ya esansi. Mashine ya ukubwa huu inaweza kunywa lita 4 au 5 kwa saa. Sisi wa Bujumbura tumekaa kwenye foleni za esansi miaka hii, hatuhitaji kuelezwa. Tajiri akishafukuza watu wa fyekeo, halafu tangi likawa tupu wiki mbili, nyasi zitakatwa na nani? Na dereva je, atalipwa siku hizo? Haya yaandikwe mapema. Vilevile mikanda, visu na filta vinatoka nje kwa fedha za kigeni. Mafundi wa Buyenzi wanaweza mengi, lakini pampu ya mafuta iliyokufa haifufuliwi kwa nyundo. Mwulizeni tajiri kama amenunua vipuri pamoja na mashine.

Tukija kwenye ajira, tufanye hesabu bila kujidanganya. Mashine yenye upana wa mita moja na nusu, ikienda kilomita 8 kwa saa, inapita mita za mraba 12,000 kwa saa. Toa sehemu zinazopitiwa mara mbili, toa kugeuka, hata hivyo inabaki karibu hekta nzima. Hakuna kikosi cha fyekeo kitakachoshindana nayo. Huko Kericho, Kenya, mwezi wa Mei 2023, hasira za mashine za kuchuma chai zilifikia watu kuzichoma moto. Sisi hatushauri hivyo. Lakini twajua hasira ile ilitoka wapi.

Tunachoshauri ni kwamba wajumbe waombe kikao kabla mashine haijanunuliwa, na wachukue Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 mkononi. Dereva achaguliwe kutoka kwa wafyekaji waliopo, asitoke nje. Afundishwe siku kadhaa, apewe cheti, na apandishwe daraja la mshahara, maana hawezi kulipwa kama jana huku akibeba mashine ya mamilioni. Wanaobaki wapewe kazi za kingo, miti, mifereji na matunzo ya mashine yenyewe. Ajali yoyote, hata ndogo, itangazwe INSS kwa maandishi, na mjumbe abaki na nakala.

Katika kazi moja hapa mjini tumekwisha kupeleka madai haya. Mkubwa alikubali mafunzo na viatu siku ileile. Juu ya daraja la mshahara alisema atafikiri. Watu watano wa fyekeo bado wako kazini, na mashine imesimama chini ya turubai tangu mwezi uliopita ikingoja esansi. Kikao cha pili kitakuwa wiki ijayo.