Kiranja wa Bweni Abisha Hodi

Fungueni karatasi zenu, msome pamoja nami polepole.

Leo twende Marekani. Katika vyuo vikuu vya huko wanafunzi wengi hukaa bwenini, hasa mwaka wa kwanza. Kijana wa miaka 18 ameondoka kwao, hana mama wa kumwuliza, "Mwanangu, mbona huli?" Basi chuo huchagua mwanafunzi aliyemtangulia mwaka mmoja au miwili, akae ghorofa ileile na kuwaangalia wenzake. Sisi tungemwita kiranja, lakini huyu hana fimbo. Ujira wake mara nyingi ni chumba cha bure, na pengine chakula.

Je, kijana wa miaka 20 atajuaje la kumwambia mwenziwe aliyevunjika moyo? Hufundishwa, aghalabu mwezi wa Agosti, kabla ya masomo kuanza. Katika vyuo vingi sehemu moja ya mafunzo ni mchezo, nami naona una faida kuliko hotuba zote. Viranja wa zamani hujifungia vyumbani. Chumba hiki mmoja amejifanya mlevi. Kile wawili wanagombana. Cha tatu msichana analia gizani, wiki nzima hajaenda darasani. Kiranja mpya haambiwi yaliyomo ndani. Huambiwa tu, "Bisha hodi." Mlango ukifunguliwa, lazima atende jambo, na wenzake wanamtazama. Baadaye huketi wote wakaambiana: hapa ulifanya vizuri, hapa ulisema mno.

Kusema mno ndiko kunakowashinda wengi. Msichana analia, kiranja anamhubiria! Hufundishwa aketi, anyamaze, asikilize. Kisha aulize waziwazi. Mwenziwe akisema amechoka kuishi, amwulize, "Je, unafikiri kujiua?" Pengine umeshtuka, ukidhani swali hilo litamtia wazo baya. Wataalamu wamelichunguza, wakaona halimtii mtu wazo hilo. Pengine humpunguzia mzigo.

Tena kuna jambo la siri. Msichana asema, "Niahidi hutamwambia mtu." Kiranja hafai kuahidi hivyo. Husema, "Sitakutangaza, lakini maisha yako yakiwa hatarini nitamwita mkuu wa bweni." Maana yeye si daktari. Kazi yake ni kumfikisha mwenziwe kwa mshauri wa chuo, na asimwache peke yake mpaka msaada ufike. Tangu Julai 2022 iko pia namba ya simu ya nchi nzima, 988, inayojibiwa usiku na mchana. Wala tusisahau kwamba kiranja huyo aliyekesha, naye ana mtihani asubuhi.

Sasa chukueni kalamu, mwandike maneno manne: bweni, kiranja, siri, hodi. Mkimaliza, kaeni wawili wawili. Wa kulia awe msichana yule. Wa kushoto abishe hodi. Mwalimu wenu atasikiliza ni nani anayesema mno. Kwaherini.