Mbegu Imeliwa: Siku Moja na Fundi Kompyuta Mjini Same

Saa tano na robo asubuhi, kompyuta iliyokuwa imetoka kufutwa kila kitu ilimkaribisha mwalimu kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia.

Nilikuwepo kwa bahati tu. Basi lilisimama Same tunywe chai, nami nikavuka barabara kutafuta waya wa kuchajia simu. Kibanda cha kwanza nilichokiona kilikuwa cha fundi kompyuta. Ndani mlikuwa na watu wawili wamekodolea kioo kimoja macho: fundi mwenyewe, kijana wa miaka thelathini hivi, na mama mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyeshuka kutoka milimani kwa Noah ya alfajiri. Kompyuta alikuwa ameifunga kwenye kitenge akaipakata njia nzima, kona kwa kona, vumbi likiingia dirishani. Walioliunda neno kipakatalishi nadhani waliwahi kusafiri hivyo.

Vile vitone vyeupe vilikuwa vimeacha kuzunguka. Mashine iliuliza nchi, fundi akachagua Tanzania. Ikauliza kibodi, akachagua. Ikaomba intaneti, akawasha ya simu yake. Ikatulia kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Kisha, badala ya kuuliza jina la mwenyewe, ikatoa nembo ya mji fulani, mstari wa maneno yenye vidoti na viduara juu ya herufi, na kisanduku kitupu cha kuandikia barua pepe ya kazini.

"Hao ni akina nani?" mwalimu akauliza.

Fundi hakujibu. Alielekeza kamera ya simu yake kwenye kioo, simu ikatafsiri: ingia kwa anwani uliyopewa na idara ya elimu. Mji wenyewe uko Uswidi. Sitautaja, haujanikosea kitu.

Honi ya basi ikalia. Nikaliacha liende.

Hakuna anayeingia kwenye kibanda kile na kusema anataka kurejesha mipangilio ya kiwandani. Maneno hayo yanaishi kwenye menyu za simu. Mtu huweka mashine mezani na kusema, "Fundi, nipigie window." Kupiga, kama unavyopiga pasi au kupiga deki, jambo la dakika chache na la juujuu. Fundi, aliyeniomba nisimtaje jina kwa sababu utakayoiona mbele, anasema neno hilo ndilo linalomponza. Wateja huacha mashine, huenda sokoni, na wakirudi hushangaa kwamba haijaisha.

Yeye haanzi na mashine. Anaanza na maswali matatu. Neno siri unalikumbuka? Barua pepe uliyoingilia ni ipi? Na vitu vyako viko wapi?

"Hilo la tatu wananijibu wote namna moja," anasema. "Viko kwenye kompyuta."

Mwalimu naye ndivyo alivyojibu. Azimio la kazi, maandalio ya somo, mitihani ya miaka minne, alama za kidato cha pili, vyote vilikuwa juu ya kioo, pale mtu anapopaona akiwasha tu, vimerundikana mpaka picha ya nyuma haionekani. Kilicho mbele ya macho tunakiamini. Kumbe uwanja ule wa mbele ni kona moja ya diski C, na C ndiyo inayofagiliwa. Aliyeweka vitu vyake diski D huponea, tena akiwa na bahati, kwa sababu iko namna ya kufuta inayofagia hadi huko.

Windows yenyewe hutoa njia mbili, ubakize faili zako au uondoe kila kitu. Ile ya kwanza ina jina la huruma, lakini programu ulizopakia zinaondoka vilevile, na kirusi kilichojibanza ndani ya faili zako hubaki nazo. Fundi wetu haitaki. Hunakili kwanza, halafu huondoa kila kitu. Kunakili vitu vya mwalimu kulimla saa moja na nusu kabla sijaingia, maana flash ya mwalimu ilikuwa na kile kirusi tunachokijua wote, kinachogeuza kila folda kuwa njia ya mkato na kuificha folda halisi nyuma. Alizifichua moja moja huku mwalimu amesimama begani kwake akitaja majina: hiyo ya jiografia, hiyo ya msiba wa baba, hiyo usiiache mwanangu.

"Window inajipiga yenyewe," akaniambia. "Mimi kazi yangu ni kuhamisha watu nyumba haijabomolewa."

Lakini nembo ile ya Uswidi ilikuwa imenikaa kichwani, nikamuuliza: mashine ikirudi kiwandani, inarudi wapi hasa?

Akageuza kiti. Laptop mpya, alisema, hutoka na chumba cha uani ndani ya diski. Hakina herufi ya C wala D, na mwenye mashine hakioni. Humo mtengenezaji ameweka nakala ya Windows pamoja na viendeshi vyote vya mashine ile, sauti, kamera, kipanya. Kila kampuni ina namna yake ya kukifungua wakati mashine inawaka: HP ni F11, Acer ni Alt na F10, Asus ni F9, Toshiba za zamani unakandamiza sifuri, Lenovo nyingi zina kitufe ubavuni kidogo kiasi kwamba unakibonyeza kwa pini. Alizitaja mfululizo bila kumeza mate, kama mzee wa reli ya Tanga anavyotaja Mombo, Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same.

"Sasa sikiliza," akasema. Kwao ni Vudee, huko milimani. "Kule juu mbegu ya mahindi inafungwa darini, jikoni, moshi uipige isiingie wadudu. Njaa ikija unauza mbuzi, unakopa kwa shemeji, lakini ile hugusi. Hicho chumba ni mbegu. Laptop zinazoletwa hapa, nyingi nikifungua nakuta mbegu imeliwa."

Imeliwa na nani? Wakati mwingine ni fundi aliyetangulia, aliyetaka gigabaiti kumi na kitu zaidi za kuwekea muziki. Wakati mwingine ni duka la jumla, Dubai au Kariakoo, lililong'oa diski ya zamani na kuchomeka SSD tupu ili mashine ionekane ina kasi. Au ni ofisi ya kwanza kabisa, iliyofuta diski nzima kwa nia njema, siri zake zisisafiri. Kompyuta za Same zimekuja kama yalivyokuja magari na mashati yake. Zilifanya kazi kwanza kwingine. Unaweza kukandamiza F11 mpaka kidole kiume.

Hata mashine ambayo haijaguswa, hadithi ya kiwanda imebadilika. Tangu Windows 10 itoke mwaka 2015, mfumo ukiambiwa ujirudishe hujijenga upya kwa faili zake wenyewe zilizomo humo humo. Fundi ana picha yake: nguzo ni za nyumba ile ile, zikiwa na mchwa unahamia na mchwa. Tangu mwaka 2020 kuna njia ya tatu, kushusha Windows nzima kutoka intaneti, karibu gigabaiti 4. Piga hesabu ya bando mwenyewe.

Ndiyo maana ana flash. Ni ya gigabaiti 8, ina kibandiko cheupe kilichoandikwa kwa kalamu ya wino neno moja: MAMA. Imening'inizwa msumarini kwa uzi wa katani, juu ya picha ya kalenda, na haruhusu mtu mwingine aiguse. Haichomeki kwenye mashine isiyojulikana kabla hajaifuta ile mashine. Kila mwalimu, karani na mwanafunzi wa chuo aliyepigiwa window kwenye kibanda kile ametoka tumboni mwa flash hiyo. Nilipoishika kidogo ilikuwa ya moto. Huenda mtengenezaji yuko Marekani, au China, au Taiwan, lakini kiwanda ambako mashine hizi hurudi kila zinaporudishwa kinaning'inia hapo msumarini, kando ya barabara kuu.

Kuhusu leseni alishusha sauti. Mashine zilizotoka na Windows 8 au baadaye, kuanzia mwaka 2012, nyingi zina namba ya leseni iliyopachikwa kwenye ubao wake mkuu. Ukiweka Windows ya daraja lile lile hujitambua zenyewe. Zile za zamani zina kibandiko tumboni, na jasho la mapaja limekwisha kukifuta. Hizo huzifanyaje? Alinitazama, akatazama barabarani. Mimi si hakimu, na laptop nyingine katika kibanda kile ilikuwa ya kijana aliyelipa kwa kuku.

Umeme ukakatika hapo. Hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi. Betri nyingi za mtumba zimekufa, kwa hiyo fundi hapigi window mashine yoyote bila kuiunganisha na betri kubwa ya gari iliyo chini ya meza. Alishaona mashine iliyozimika asilimia 64. Haikuwa tena ya jana, haikuwa bado ya leo, na mwenyewe alikuwa na mahojiano ya kazi kesho yake.

Tukarudi kwa Waswidi.

Kwa maelezo yake, Microsoft ina daftari. Ofisi ikinunua mashine nyingi huziandikisha humo kwa alama za vifaa vya ndani. Siku yoyote mashine ikifutwa, popote duniani, ikigusa intaneti kabla ya kukabidhiwa mtu, huuliza daftari mimi ni wa nani, na daftari hujibu. Kufuta diski hakusaidii, kwa sababu jina halimo kwenye diski. Ofisi ikiziuza inatakiwa izifute daftarini. Nyingine husahau. Na mashine nyingine huibwa. Kwenye kioo, iliyosahauliwa na iliyoibwa zina sura moja.

Mwalimu aliinunua Moshi miaka miwili iliyopita kwa mkopo wa SACCOS. Risiti anayo, kipande cha karatasi kisicho na namba ya mashine. Mbona haikumwuliza siku ile? Kwa sababu aliyeiandaa dukani aliiandaa bila intaneti, na ikishapewa mtu haiulizi tena. Dalili zilikuwepo lakini. Kulia kwa herufi L kuna kitufe chenye Ö, na karibu na P kuna Å. Mwalimu alikwisha kuzoea kwamba akitaka nukta mkato anabonyeza Ö. Wanafunzi wake wa kompyuta anawafundisha hivyo hivyo.

"Naweza kuirudia bila intaneti," fundi akasema taratibu. "Haitauliza. Mpaka siku itakapofutwa tena."

"Basi irudie."

"Mwalimu, ungewaandikia. Uwatumie namba ya mashine, waitoe kwenye daftari lao."

Mwalimu akafikiri. Alama za kidato cha pili zilikuwa zinasubiriwa Ijumaa.

"Na wakisema niwarudishie?"

Fundi hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu mwaka 2022, na ofisi ikiuza mashine yenye majina ya watu najua ni kosa la upande gani. Lakini mashine tupu inayomkumbuka bwana wake wa kwanza, mikononi mwa mama aliyeinunua kwa haki yake na bado anakatwa mkopo kila mwezi, hiyo ni ya nani? Aliyedanganywa hapo ni mji wa Uswidi, duka la Moshi, au mwalimu? Fundi aliichomoa MAMA msumarini, akazima intaneti ya simu, akaanza upya. Nilimwona akisita kabla ya kubonyeza, na sikumlaumu kwa kusita wala kwa kubonyeza.

Alichomwekea ni Windows 10. Windows 11 huzikataa mashine nyingi za umri ule kwa sababu ya prosesa, na Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mwalimu aliambiwa hayo yote. Aliuliza tu kama Excel itafunguka. Ilifunguka. Folda zikarudi moja moja, ile ya msiba wa baba ikawa ya kwanza. Saa tisa alasiri akaifunga kwenye kitenge, akashukuru, akaiwahi Noah ya mwisho ya kupanda.

Wewe unayetaka kununua laptop ya mtumba, usiridhike kuiona inawaka. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, kisha aiunganishe na intaneti kabla hujatoa hela, usome jina litakalotokea. Inachukua kama saa moja na nusu. Omba kiti, ukae.