Anayekufa Kwanza Ndiye Mshindi

Mcheza dama yeyote wa Likasi, awe wa Kikula au wa Panda, anajua kwamba kete ikilika ni lazima uile. Lazima hiyo ndiyo inayowezesha dama kuchezwa kinyume, anayemaliza kete zake kwanza akawa mshindi: unasogeza kete yako mbele ya mwenzako, naye hana budi kuila.

Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya na kubadilishana uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, hauna lazima kama hiyo. Kila mchezaji huanza na uhai 20, ukiisha ametoka. Mkisema anayetoka kwanza ndiye mshindi, nani atakushambulia? Tena sheria rasmi inamruhusu mchezaji kukubali kushindwa wakati wowote, kwa hiyo ruhusa hiyo ifutwe kabla ya yote. Nayo Channel, karata ya toleo la kwanza, ipigwe marufuku: inakuwezesha kulipa uhai wako upendavyo ili upate nguvu ya kuchezea karata nyingine, na mwenye karata mbili za ardhi ya kijani anaweza kujimaliza katika zamu yake ya pili.

Baada ya hapo mchezo unanoga, hasa mkiwa wanne. Healing Salve, inayoweza kumwongezea mtu uhai 3, sasa ni silaha. Jirani yako amebakiwa na uhai 2 na anakaribia kushinda. Ninyi watatu mnataka apone, lakini kila mmoja anangoja mwenzake ndiye atumie dawa yake. Sijaona mchezo mwingine wa karata unaozua ubishi wa namna hii, watu wakibembelezana nani amwokoe adui.

Karata ninayoipenda kuliko zote hapa ni Platinum Angel ya mwaka 2003. Aliye naye hawezi kushindwa, hata uhai wake ukifika sifuri. Kwa kutumia Donate, ya mwaka 1999, unamkabidhi jirani malaika huyo, na ushindi wake umefungwa. Afanyeje? Akimtuma vitani ili auawe, hakuna atakayemzuia: anayeshambuliwa atapokea kwa furaha pigo la 4, kwa kuwa linampunguzia uhai. Zawadi imemganda mkononi.

Hata mkiogopana namna gani, mchezo una mwisho. Kila zamu ni lazima uokote karata, na ukitakiwa kuokota ilhali rundo lako limekwisha, umeshindwa. Hakuna atakayebeba zaidi ya karata 60, kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Ukitoa 7 za kuanzia mkononi, zinabaki 53. Wote wakikaa kimya, aliyeanza ndiye atakayeshindwa kwanza katika zamu yake ya 54, na kushinda. Wale watatu wengine wana zamu 53 za kumzuia.