SOMO LA REDIO: PICHA YA SHEREHE NA DAFTARI LA DENI

Wasikilizaji wetu wa Same na milima yote ya Upare, fungueni madaftari yenu, mshike na kalamu. Leo tutasoma, kisha tutafanya hesabu.

Siku hizi ukoo mkubwa ukiwa na harusi, kwanza huundwa kundi la WhatsApp. Ndugu walioko Dar es Salaam, Tanga na Arusha huandikiwa michango humo. Siku ya sherehe hupigwa picha za ng'ombe, za sare za akina shangazi, na za magari yaliyopanda mpaka Gonja, Chome au Usangi. Picha hizo hupelekwa Facebook na Instagram, na watu wengi husifu. Kufurahi na ndugu si vibaya. Lakini wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tuulize, vimeundwa kwa fedha ya nani?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme sherehe imegharimu shilingi 12,000,000. Ndugu 20 wamechanga shilingi 300,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 6,000,000. Zilizobaki, shilingi 6,000,000, baba amezikopa. Tuseme yeye ni mkulima wa tangawizi, na kilo moja huuzwa shilingi 2,000. Gawanya 6,000,000 kwa 2,000. Utapata kilo 3,000, yaani tani tatu za tangawizi, bila kuhesabu riba, mbolea wala vibarua. Na kama mkopo ni wa wale ambao watu huwaita «kausha damu», riba yenyewe huweza kumaliza karo ya mtoto aliye chuoni.

Picha huonyesha ng'ombe, haionyeshi deni. Jirani akiiona hudhani ndicho kipimo, naye hukopa ili asionekane mnyonge. Ndugu mwenye shida hukuomba msaada, na ukisema huna, hukuona mchoyo. Mwizi naye hujua kwamba leo nyumba ni tupu. Faida ni ya nani? Facebook na Instagram ni mali ya kampuni moja ya Marekani, Meta, ambayo hupata fedha kwa matangazo. Kadiri watu wanavyokaa wakitazama, ndivyo inavyouza matangazo zaidi.

Kumbukeni mwaka 1945. Maelfu ya Wapare waliteremka mpaka Same kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Wazee wale hawakukubali mali zao zikadiriwe ovyo. Leo sisi wenyewe twawaita watu wote waje kuzikadiria.

Ukoo mkubwa ni nguvu. Kwa msaragambo, wazee walijenga ndiva, mabwawa ya kuweka maji usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Kila nyumba ilitoa mikono, na kila mmoja aliona faida. Basi fanyeni hivi: kaeni kikao kabla ya sherehe, andikeni fedha iliyopo mkononi, si ahadi, sherehe isizidi fedha hiyo, na sehemu ya mchango iwekwe kwa ajili ya wanandoa kuanzia maisha.

Maswali ya kujibu:
1. Ndugu 20 wakichanga shilingi 250,000 kila mmoja, deni litakuwa kiasi gani?
2. Deni hilo ni sawa na kilo ngapi za tangawizi?
3. Katika ukoo wako, nani hulipa baada ya wageni kuondoka?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.